Tulishukuru Mapema

Mama,

Termosi yako ya chai bado iko juu ya kabati. Ile karatasi ya hospitali ilikuwa chini yake, na duara la chai limebaki juu ya neno la Kifaransa, mardi, yaani Jumanne. Karatasi natembea nayo ndani ya Biblia.

Siku ulipotoka chumba cha dharura, tansiyo, ile presha ya damu, ilikuwa imeshuka. Ulipewa vidonge vya siku tano, na muuguzi akaniambia mimi, siyo wewe, kwamba Jumanne nikurudishe wakupime. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nawaza tu pikipiki itakufikishaje nyumbani Katindo bila kukurusha juu ya mawe.

Jumapili ukavaa kitenge cha bluu, ukasimama mbele ya kanisa zima, ukasema Mungu amekuponya. Ukacheza na kitambaa mkononi mpaka Mama Riziki akapaza sauti kutoka nyuma: "Uko na miaka sitini ao kumi na sita?" Ulicheka mpaka ukashika kiti.

Jumanne nilikukumbusha. Ukaniangalia kama nimekutukana.

"Mutoto wangu, juzi nimesema mbele ya watu Mungu ameniponya. Leo wanione kwa mulango wa hospitali? Watasema nilidanganya Mungu."

Nikanyamaza. Mama, nilinyamaza kwa sababu na mimi niliona haya. Vidonge viliisha siku ile. Ijumaa asubuhi ulikuwa unachambua maharagi ya kutoka Kiwanja, nikasikia sinia linaanguka. Maharagi mengine bado nayaokota chini ya kitanda nikifagia.

Baada ya mazishi nilirudi hospitali na karatasi. Nilitaka kugombana. Kwa nini hakuna aliyepiga simu kuuliza mbona hukuja? Muuguzi yule aliisoma, akakaa chini. Akasema mgonjwa akishatoka mlangoni, wao hawajui tena habari yake. Hakujitetea. Nilikosa mtu wa kugombana naye, tukalia wote wawili.

Sasa anaandika majina ya wanaotakiwa kurudi, na sisi wanawake wachache tunawafuata nyumbani kabla ya siku yao. Mimi nimepewa Katindo. Nauliza vidonge vimebaki vingapi, na nani atamsindikiza mgonjwa.

Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja anapiga pasi kitenge chake cha ushuhuda. Jumamosi alitakiwa hospitali, Jumapili kanisani. "Hospitali nitaenda kufanya nini? Nimepona," akaniambia, kwa sauti yako kabisa. Nikatoa karatasi yako, nikamwonyesha duara la chai.

"Ni ya nani?"

"Ya mama yangu. Alitoa ushuhuda vizuri sana. Alicheza. Hospitali hakurudi."

Alimwaga makaa ya pasi, akakunja kitenge.

Jumamosi tulienda pamoja. Tansiyo ilikuwa imepanda tena, wakambadilishia dawa. Jumapili hakusimama mbele. Alikaa kando yangu, akaimba polepole. Atatoa ushuhuda siku daktari atakapomwambia yuko sawa. Ameniomba nimwazime kitambaa chako siku hiyo. Nimekubali, Mama. Usikasirike.

Pumzika sasa. Nilinyamaza mara moja, kwako. Sitanyamaza tena kwa mulango wa mutu yeyote, hata wakinifukuza.

Mutoto wako,
Neema