Nguo Zangu Sandukuni

Dada yangu mpenzi,

Ndoa tamu, usiambiwe! Wiki ya sita sasa, na fundi saa wangu bado ananichana nywele kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mapazia uliyotuzawadia yamependeza sebuleni.

Sonona yake, ule ugonjwa wa huzuni, anaitibu kwa mshauri. Huyu ni wa tatu. Wawili wa kwanza aliwaacha mwenyewe alipoanza kupata nafuu. Mshauri alituambia sote wawili, "Mazungumzo yanamsaidia, lakini ile hofu ya kuachwa aliyokua nayo tangu utotoni inaturudisha nyuma. Akimzoea mtu, humkimbia kabla hajakimbiwa."

Mume wangu akacheka. "Mke wangu, huyu anakuonea wivu tu."

Juzi mshauri akaaga, anakwenda likizo ya wiki mbili. Mume wangu akaapa harudi tena kwake.

Jana nikamwambia Jumamosi nakuja kwako kwa siku mbili. Nilipotoka kuoga, nikakuta nguo zangu zote sandukuni, zimekunjwa vizuri, hata sweta.

"Nenda tu, mpenzi," akasema. "Nimekurahisishia."

Nimezirudisha kabatini moja moja, huku akinitazama kama mgeni. Usinitegemee Jumamosi, dada. Mama akiuliza, mwambie nina furaha. Si uongo.

Mdogo wako akupendaye