Mchwa Kwenye Kitabu cha Ba

Jumatatu, 6 Februari 1939
Nimefagia, nimechemsha maziwa, nimemgeuza ubavu Ba, mama wa Kihindi ninayemtumikia. Homa bado. Hajafungua kitabu chake cha miungu tangu augue, kile kilichoandikwa na kuchorwa kwa mkono huko kwao Uhindini. Akiwa mzima huoga kwanza, ndipo akifungue, nami hutazama toka mlangoni. Mimi Mkristo wa Usangi, sikigusi. Picha niipendayo: kijana wa buluu kainua mlima kwa kidole, watu na ng'ombe wamejikinga mvua chini yake. Hapa Same mvua yenyewe tunaisikia tu.

Jumatano, 8 Februari
Mchwa! Njia ya udongo imepanda ukutani hadi kwenye sanduku la kitabu. Nimemwambia mwanawe, Bwana Jayanti. Ba naye kamwita: "Oga, mwanangu, ukifungue." Kajibu dukani kuna wateja. Wateja gani? Nimemwona Mmasai mmoja, kanunua ugoro, kaenda zake.

Ijumaa, 10 Februari
Bwana Jayanti kanifuata jikoni. "Nakijwa, nimekula nyama ya mbuzi pale stesheni. Nitakishikaje? Na mama nitamwambia nini?"
Kwao nyama ni mwiko, mlaji huwa najisi. Hasira zimenipanda. Yeye kala, na mchwa wanakula. Nimekwangua udongo wa ukutani kwa kisu. Sanduku sikuligusa. Naogopa, basi.

Jumapili, 12 Februari
Udongo umerudi palepale. Ba anauliza kama mwanawe keshaoga. Nimesema anakuja. Nimedanganya, tena siku ya Bwana.

Alhamisi, 16 Februari
Ba kainuka. Kaoga, kafungua kitambaa chekundu kilichofunga kitabu.
Vumbi. Mlima umeliwa, ng'ombe wameliwa, watu wote. Rangi ya manjano tu mchwa hawakuitaka. Nguo ya yule kijana ipo, mwenyewe hayupo.
Ba hakulia. Aliyelia ni Bwana Jayanti, ndipo akasema habari ya nyama.
"Ungesema, mwanangu. Maji ya kuoga yalikuwapo."

Jumamosi, 18 Februari
Kwao kitabu kitakatifu kikiharibika hakitupwi wala hakichomwi, hupelekwa kwenye maji yaendayo. Tumekwenda kwa lori hadi Mto Pangani. Ba kakiweka majini mwenyewe. Ile manjano ikaelea kidogo, ikapotea.

Jumatatu, 20 Februari
Nimefagia, nimechemsha maziwa. Ba kaoga, kakaa mahali pake, kitambaa chekundu mapajani. Akawa anafunua kurasa hewani, midomo ikisoma. Nami mlangoni, namfuata kwa macho. Tulipofika kwenye picha ya mlima mkono wake ukasimama.
"Nakijwa, ng'ombe walikuwa wa rangi gani?"
Sikukumbuka.