Maji Yamegeukia Ziwani

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Honoré kanifuata shuleni leo, mbele ya wanafunzi, viatu vimejaa tope. Ndugu yangu huyu haji Bunia ila akiwa na shida. Kijito cha kijijini kwetu kimekauka! Si ukame, mvua inanyesha kila siku. Maji yamegeuka tu. Yalikuwa yanateremka hadi mto Shari, kutoka hapo Ituri, kutoka hapo Kongo. Sasa yanaangukia upande wa pili, kwenye korongo, hadi ziwani.

Nikacheka. Miaka yote nachora hayo ubaoni — mto wa mteremko mkali unaula mlima taratibu, unarudi nyuma, unamfikia jirani, unamnyang'anya maji. Wanafunzi wanasinzia. Honoré hakucheka. Aliniuliza kama nimesahau mpaka wetu unafuata nini.

Sijasahau. Mababu walikubaliana na watu wa chini: ardhi ambayo mvua yake inashuka ziwani ni yao, ile ambayo mvua yake inakwenda Ituri ni yetu. Hawakuweka jiwe wala kupanda mti. Maji tu! Walidhani mlima hauchoki. Na shamba la mama liko palepale juu, mgongoni mwa mlima.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepanda huko. Pikipiki, halafu miguu, matope hadi magotini.

Ni kweli. Kichwa cha korongo kimeporomoka chenyewe. Nyasi bado zimeshikana na udongo, mizizi inaning'inia mizima, hakuna hata mmoja uliokatwa. Kijito kinaingia humo bila haya. Nimepiga picha nyingi, nikasema kwa sauti: "Vizuri sana!" Hapohapo nikajichukia. Mama alikuwa nyuma yangu, katikati ya mihogo yake, ananitazama.

Mama yetu, Bernadette, karudi mwaka huu tu kutoka kambi ya wakimbizi. Miaka chini ya hema, na shamba hili ndilo lote alilobaki nalo. Akaniuliza: "Sasa mihogo yangu iko ya nani?" Niseme ya Misri, kwa kuwa maji ya ziwa lile huishia huko?

Jirani yake ni Isidore, mtu wa chini, mgane, anaishi peke yake. Vita vilipotufukuza, yeye ndiye aliyemtunzia mama mbegu. Leo katuletea viazi vitamu, moto, ndani ya kofia yake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Watu wa chini wametuma neno: "Maji ni yetu, basi shamba ni letu." Shefu wetu wa kijiji, Athanase, kaunda komisyo ya wazee ichunguze. Komisyo imekula mbuzi kabla hata ya kukitazama kilima! Nimewakuta barazani, mafuta yanatiririka hadi viwikoni, midomo imejaa, wanataja sheria ya mababu. Kinyaa kitupu.

Athanase kanieleza huku anachokonoa meno. Maji yakihama yenyewe, mpaka unahama nayo. Lakini mtu akiyageuza kwa mkono, mpaka unabaki ulipokuwa, na mtu huyo anafukuzwa kilimani.

"Weye njo prof," akasema, yaani mimi ndiye mwalimu. "Utatuambia kama mulima njo ilifanya, ao mutu."

Akanikonyeza. Mimi! Na kidole kina mafuta, akakifuta kwenye mkoba wangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Honoré kaja baada ya misa. Hakuketi. Anataka niseme mtu alichimba.

Mtu gani?

"Isidore. Si anakaa pale? Nani mwengine?"

Nikamwambia korongo lile lilianza kuula mlima kabla babu yetu hajazaliwa. Akajibu: "Mulima haina mama. Siye tuko naye."

Nilimfukuza. Halafu nikajikuta nafikiri: Isidore hana watoto, ana dada yake kule ziwani, angeweza kwenda kukaa naye... Ptu! Ndivyo inavyoanza. Namcheka Athanase na mafuta yake, na mimi mwenyewe nanuka.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama kapiga simu. Mvua, kuku, goti lake. Kisha analalamika juu ya jembe lake, lile alilolizungushia kitambaa cha kitenge cha bluu mpinini ili lisimchubue. Honoré kaazima, harudishi. "Nitalima na vidole?"

Nina kopi za wanafunzi za kusahihisha hadi darini, na yeye ananiletea habari za jembe! Nilimkatiza vibaya.

Alhamisi, 16 Oktoba. Kilimani

Nimeketi juu ya jiwe. Wanapiga kelele. Wanadhani naandika rapoti.

Asubuhi wote walisimama mgongoni, sisi huku, watu wa chini kule. Kama desturi ya kuupima mpaka, Athanase akamimina bido, dumu zima la maji, katikati, polepole. Maji yakafanya dimbwi dogo. Yakasita. Nilishika pumzi kama mjinga, kana kwamba sijui! Yakaelekea ziwani. Watu wa chini wakapiga vigelegele, mama akaziba mdomo kwa mkono.

Hapo Honoré akapaza sauti kwamba watu watazame korongo kwanza. Tukashuka. Ukingo ule ule niliouona na mizizi mizima Jumatano ya wiki iliyopita sasa umechongwa. Alama za jembe, mbichi, mizizi imekatwa, inang'aa weupe. Komisyo ikatikisa vichwa kwa huzuni — na wanajua! Wote wanajua!

Vijana wetu wakamzunguka Isidore. Mmoja ameshika fimbo.

"Miye?" Isidore akasema. "Nilichimba na nini?"

Honoré akaingia vichakani, akatoka nalo. "Na hii!"

Jembe. Mpini umezungushiwa kitenge cha bluu.

Mpumbavu! Kwetu wanaume hawashiki jembe. Analima mama, walilima bibi zake, kwa Honoré jembe ni jembe. Hajawahi kuutazama mpini ule hata siku moja.

Athanase ameliinua juu, anauliza ni la nani. Isidore anatikisa kichwa. Kisha kanigeukia mimi: "Madame Prudence, sema. Weye ulifika mbele, kabla ya wote. Uliona."

Picha ziko kwenye telefone, na telefone iko hapa pajani. Nikizitoa, mama anarudi kambini, na Honoré ndiye atakayezungukwa. Nisipozitoa, fimbo ile itamwangukia Isidore.

Athanase ananiita. "Prof! Njoo useme!" Nimemwonyesha stylo ya kuandikia, kwamba namalizia.

Mama ameinuka. Kalitambua, nimeona uso wake. Anapita katikati ya vijana, wanampisha, anamnyooshea Athanase mkono ampe jembe. Sijui kama anakwenda kusema ni lake au anataka kuking'oa kile kitambaa lisitambulike. Ananitazama mimi, si Honoré. Na mimi bado naandika