Mgeni Alikuja Kuona Watoto

Jumamosi, 4 Oktoba

...na hata akichoka bado anapendeza. Leo amefuta ubao kwa mkono wa shati nililolipiga pasi mwenyewe. Nikanuna kidogo, kisha nikasahau. Mume wangu! Mwezi wa pili wa ndoa na bado nalitamka neno hilo peke yangu jikoni. Kila Jumamosi Elia anafundisha Kiswahili kwenye chumba cha ukumbi wa mji, huku ughaibuni, bure, watoto wa Wakongo wenzake na Wakenya wachache. Mimi nagawa kalamu na kumtazama.

Bibi Eliza amekuja tena kutoka mji wa Burnsville na mjukuu wake, Neema. Neema anaelewa kila kitu ila anajibu kwa Kiingereza. Mama yake alifia kwenye kambi ya wakimbizi, yeye akiwa mchanga. Bibi anataka kumsimulia huyo mama alikuwa mtu gani, na Neema amwulize mwenyewe, bila mkalimani. Nimelia kidogo. Siku hizi nalia kwa kila kitu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Habari njema! Halmashauri ya mji ina fungu la kusaidia lugha na utamaduni. Mama mmoja wa halmashauri atakuja Jumamosi kuona darasa. Likimpendeza, chumba ni chetu mwaka mzima, na vitabu juu yake. Lisipompendeza, chumba watapewa wengine. Elia kaninyanyua pale pale jikoni, ugali ukaungua. Tumeula hivyo hivyo. Mtamu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Kina mama wa watoto wanapigiana simu tangu asubuhi. Nani apike nini. Nimekwenda mtaa wa Frogtown na Mama Nyota, mkubwa wao, kutafuta sombe, yaani kisamvu, na samaki wakavu. Nikamwuliza, si anakuja kuona watoto wakisoma? Akanicheka.

"Bi harusi, kwenu Kigoma mgeni anaandaliwa daftari?"

Nikacheka pia.

Jioni Neema anajifunza na Elia kwa simu. Atasimama mbele ya mgeni aseme yeye ni mtoto wa nani na mama yake alizaliwa wapi. Kwa Kiswahili chote. Bibi hajaambiwa. Nampenda huyu mwanamume mpaka kifua kinauma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nina hasira. Hata kitenge sijavua.

Mgeni alifika kwa wakati. Mwembamba, mpole. Alitwambia bibi wa bibi yake alitoka Ireland akisema Kigaeli, na leo kwao hakuna anayeweza hata kuomba maji kwa lugha hiyo. Imebaki kucheza ngoma na kuvaa kijani siku moja kwa mwaka. Nikajisemea, huyu atatuelewa.

Mara Mama Nyota akapiga makofi. Watoto wamwamkie mgeni, kisha watoke. Ati kwetu watoto hawamkodolei mgeni macho akila. Madawati yakawa meza. Ubao ukageuziwa ukutani, ukatandikwa kitenge.

"Mama, amekuja kuona watoto," Elia akasema.

"Atawaona, mwalimu. Ale kwanza. Unataka atutangaze kwamba Wakongo wachoyo?"

Nikaambiwa niwatoe. Bi harusi hakatai kitu mbele ya kina mama. Nikawatoa. Neema na gauni lake la kanisani, kwenye maegesho ya magari, upepo unapiga, anarudia maneno yake kimya kimya.

Tulipoitwa, mgeni alikuwa anavaa koti. Ana kikao kingine. Ameshiba, amefurahi, amecheza hata. Akampungia Neema mkono.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani kina mama wanapongezana. Nimemfokea Elia njiani: kwa nini hukupaza sauti? Ugomvi wetu wa kwanza. Wa kijinga. Mimi mwenyewe sikupaza.

Jumatano, 15 Oktoba

Yule mama amepiga simu. Halmashauri imetupenda sana. Majira ya joto, kwenye sherehe ya mji, watatupa hema na jukwaa. Chakula na ngoma. Chumba cha Jumamosi wamepewa wastaafu, wacheze mpira wao wa kupigiana kwa vibao. Elia akauliza, na darasa? Akajibu kwa upole kwamba darasa hakuliona.

Kweli hakuliona. Ndicho kinachonichoma.

Kwao lugha ilikufa ikabaki ngoma. Naye katupa ngoma. Na Mama Nyota anashangilia, tayari wanagombania nani akaange sambusa. Nawachukia wote wiki hii. Namtaka mmoja tu, naye amelala ameupa ukuta uso.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua. Jana tulibaki nyumbani, Jumamosi ya kwanza bila darasa. Elia alikunja karatasi za watoto akaziweka juu ya kabati. Nikamshika mkono.

Leo simu imelia. Neema. Nilitarajia Kiingereza.

"Shangazi, mimi Neema, mtoto wa Esta. Mama yangu alizaliwa Uvira."

Yote, mpaka mwisho, yale aliyomwandalia mgeni. Nyuma yake nikamsikia Bibi akilia, kisha akicheka, kisha akimsahihisha: si Uvira mjini, juu kule, milimani. Neema akauliza, wapi juu? Kwa Kiswahili. Wakanisahau kwenye simu. Nikaendelea kuwasikiliza.

Baadaye akanikumbuka. "Bibi anasema kuja. Na mwalimu. Na ubao."

Gari letu ni bovu na Burnsville ni mbali. Nimemwambia tutakuja. Elia ameshateremsha karatasi. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa kwao, kwa basi au kwa lifti.