Bia Uliyoinywa kwa Waingereza

Mwanangu Nassor,

Mimi sikusomeshwa, nnasema, dadaako Zuwena anaandika. Nimemwambia asinipunguzie hata neno.

Rafiki yako Mwingereza, yule uliyekuwa ukifikia kwake kila ukisafiri, alikuja Bawshar kwa ami yako kutupa pole. Tukampa kahawa na haluwa. Masikini, alitaka kutufurahisha. Akahadithia mlivyokuwa mkizunguka vijijini kwao kutafuta vilabu vya kale, vyenye boriti nyeusi na dari la kukuinamisha, na kila kijiji mkionja bia yao wenyewe. Ukikaa karibu na moto, wazee wa kule wanakuita kwa jina. Zuwena ndiye aliyekuwa akitufasiria. Bia nayo akaifasiri, kabla hajafikiri. Ami yako Khalfan akaweka kikombe chini.

Usilie, Zuwena. Andika.

Mgeni alipotoka, Khalfan akasema, "Khitma ya mlevi haisomwi kwangu." Mlevi! Nikamwambia, "Ulimwona lini akipepesuka, wewe?" Majlisi yake ya kupokelea watu kaifunga, na arobaini yako ndiyo hii imefika.

Nimemkasirikia. Na wewe nimekukasirikia. Ungalikuwa hai ningalikuzaba kofi, kisha nikakupakulia wali. Kila ukirudi, "Mama, kule nilikula samaki na viazi tu." Samaki na viazi! Wazee wa watu wanajua unavyocheka ukishastarehe, mimi niliyekuzaa sijui. Uliniogopa? Na uliwahi kutubu, mwanangu? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, na sina wa kumuuliza.

Basi khitma itasomwa kwangu, Darsait, kwenye kijumba changu hiki cha ghorofani. Nimewapigia simu wanawake wenzangu. Mmoja kaniuliza, "Na Khalfan amekubali?" Nikamwambia, "Khalfan hakumzaa." Wakija, alhamdulillahi. Wasipokuja, sura ya Yasini siijui yote, lakini Kulhuwallahu nnaijua, na nitaisoma mpaka sauti inikauke.

Lala, baba. Mbele ya watu nitakutetea, wala sitaona haya. Mbele ya Mola wako nitakuombea tu, maana kwake siwezi kusema hukunywa.

Mamaako