Viti Vimekwisha, Mimi Bado

Mpendwa mshauri, naomba msaada ila usinicheke kabla hujafika mwisho. Mimi ni fundi seremala wa miaka arobaini na sita, na pombe nimeinywa vizuri tu mpaka ilipoanza kuninywa yenyewe, nikamtengenezea mteja kabati ambalo milango yake inafungukia ukutani, na hilo ningelivumilia, lakini binti yangu alipojifungua nikanyoosha mikono nimpokee mjukuu, akaitazama inavyotetemeka, akasema, "Baba, msumari tu unakushinda, nikupe mtoto?" akampa shangazi yake.

Basi nikaona tangazo ukutani pale zahanati, la watu wanaokutana kila Jumanne saa kumi na moja jioni kusaidiana kuacha pombe, nikanakili namba ya chumba nyuma ya kipande cha msasa, na siku ilipofika nikabeba sanduku la vifaa ili jirani akiniona aseme fundi yuko kazini. Nafungua mlango, watu kumi na mmoja wamekaa duara, kiongozi wao akiwemo, mkunga mstaafu, naye ananiambia, "Karibu, fundi, umekuja kwa ajili gani?" Mshauri, ulimi wangu ukasema, "Viti."

Akaniangalia, akaviangalia viti, akasema, "Kweli vina hali mbaya. Anza na hicho cha pembeni."

Nikaanza. Wao wanaongea, mimi niko chini ya kiti na bisibisi, nasikiliza. Dereva wa lori akaeleza alivyokuwa akificha chupa ndani ya tairi la akiba, nikacheka mpaka msumari ukanitoka mdomoni, kisha nikakumbuka yangu iko kwenye pipa la maranda. Nilipofika nyumbani nikaimwaga. Hii ni wiki ya sita sijaonja, na sijamwambia mtu.

Shida ni kwamba viti viko kumi na viwili, na wiki ya nne vilikwisha. Ningerudi kwa sababu gani? Nikawa nalegeza skrubu mbili tatu kabla ya kuondoka. Mkunga hajui kitu, yeye kazi yake ni kunimiminia chai na kuvirudisha viti vyote kumi na viwili kwenye duara, eti watu wasikose nafasi. Jumanne iliyopita dereva wa lori alikuwa anatushukuru, kiti kikafunguka, akakaa sakafuni puu! Akasema, "Jamani, sijagusa pombe na bado naanguka!" Wakacheka wote, isipokuwa mimi.

Mkunga akaniuliza, "Fundi, hiki si ulikitengeneza juzi tu?"

"Mbao zina tabia zake, mama."

"Hata watu," akasema, akanisogezea sukari.

Sasa nishauri. Kuna meza mbili na dirisha moja bovu. Nikienda polepole vinaweza kunifikisha mwisho wa mwaka. Nihamie huko, au niache kwenda kabla sijamvunja mtu kiuno?

Fundi wa Jumanne

*

Fundi wa Jumanne,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama, maana nilianza kukishuku kiti changu.

Pole kwa ile siku ya mjukuu. Hongera kwa wiki sita. Pipa la maranda libaki hivyo hivyo, bila chupa. Hapo pole na hongera zimeisha. Mtu mzima, na uchungu wake, anatoka kwake kwenda kutafuta pa kuegemea, wewe unamlegezea skrubu! Ungekuwa mwanangu ningekuchapa kwa huo huo mguu wa kiti.

Halafu kwa fundi unayepima mbao kila siku, hesabu imekupita vipi? Watu kumi na mmoja, viti kumi na viwili, vyote kwenye duara. Cha kumi na mbili anawekewa nani, paka? Wenzako hao wameficha chupa ndani ya matairi. Umewahi kuona fundi anayetumia wiki sita kwa viti kumi na viwili, hadai malipo, na anacheka pale pale wanapocheka wao? Mama yule ametumia maisha yake kusubiri watu watoke kwa wakati wao. Anakusubiri na wewe.

Meza usiziguse. Dirisha liache lipitishe hewa. Kesho nenda zahanati wauangalie huo mkono, na usione aibu, tangazo ulilitoa kwao. Jumanne nenda mapema na bisibisi moja tu mfukoni, kaza kila ulichokilegeza, umwombe radhi dereva mbele ya watu. Atakucheka, mwache, anakudai. Kisha sema sentensi moja: "Sikuja kwa ajili ya viti." Zaidi ya hapo hawatakuuliza, ukitaka kuongeza, ongeza.

Ukitoka huko, pita kwa binti yako umwambie unakokwenda Jumanne. Mtoto usimwombe siku hiyo. Rudi wiki inayofuata, na inayofuata, mpaka amlete mwenyewe, na akimleta, kaa chini kwanza ndipo upokee.

Hicho cha kumi na mbili umekikaza kwa mkono wako mwenyewe, kwa hiyo kitakubeba. Ila kwa jinsi ninavyokujua sasa, kikague kabla hujakaa.