Vigae vya Mvua

Point, Durban
Jumapili, baada ya ibada

Yaya Neema,

Salamu nyingi toka kwa mdogo wako. Mgongo wa mama umepata nafuu? Watoto wamerudi shuleni? Sisi huku tunapumua tu.

Najua mumeo Mathayo amekwambia kwamba macho yake yameharibika, ndiyo maana ameacha ufundi na sasa anabeba mizigo kwenye maghala ya Clairwood. Najua pia unafunga na kuyaombea macho hayo. Acha kufunga, yaya. Kula.

Sikiliza ilivyokuwa. Madame mmoja wa Berea alituita tumbandikie vigae jikoni. Michoro ya vigae hivyo ni ya msanii wa Wahopi, watu wa nchi kame huko Amerika: ngazi nyeusi, na mistari myembamba ikining'inia chini yake. Mathayo alivipanga sakafuni, akavikagua kwa ile jeuri yake unayoijua, akaniachia gundi, akaenda kumalizia kazi nyingine. Mimi nikatazama, nikaona leo mjuaji amekosea. Kwangu yale yalikuwa majani yanayoota juu ya matuta, kama shambani kwetu. Nikavigeuza juu chini, nikavibandika, nikacheka peke yangu kwamba nimemwokoa.

Asubuhi madame alipiga kelele. Kumbe ngazi ni mawingu na mistari ni mvua. Watu wale huichora kwa kuiomba. Tulipovibandua vilipasuka, na vingine havipatikani.

Mathayo aliduwaa. Hakunidhania hata kidogo, maana siku zote nabandika alivyopanga yeye.

"Niliona mawingu iko juu," alisema polepole. "Eish, shemeji, yangu macho imekwisha."

Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Nikainama kuokota vipande.

Tangu siku ile hagusi mwiko. Kuvuka barabara kwenye robot, hizi taa za kuongoza magari, ananishika mkono, yeye aliyekuwa akiona kigae kilichopinda toka mlangoni. Jana amenikabidhi vifaa vyake vyote nimtafutie mnunuzi, nami nikamjibu sawa. Naona aibu, yaya. Najichukia.

Msalimie mama. Mjomba katekista aniombee, asiulize kwa nini. Wabusu watoto wako.

Kumwambia Mathayo ana kwa ana nimeshindwa. Kwa hiyo barua hii siifungi. Naiacha juu ya kitanda chake, aisome kwanza, kisha aitume mwenyewe. Ikikufikia, ujue ameisoma yote kwa macho yake.

Mdogo wako mkosaji,
Dieudonné